Meseji ya damu isiyo na tarehe: tuliyojifunza Tanga tangu tuache kufowadi ovyo

Mtang'ata (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Uzi huu nimekaa nao kifuani muda mrefu. Leo naushusha kwa sababu jana usiku nimeletewa tena, na mtu asiyenijua kabisa, meseji inayosema: "Ndugu zangu kuna mama kajifungua anahitaji damu haraka haraka haraka, yupo hospitali Tanga mjini, piga namba hii, usiipuuze, tuma kwenye magrupu yote." Namba iliyomo ni yangu. Mama mwenyewe ni dada yangu. Na damu ile ilihitajika mwaka 2021.

Nianze na siku yenyewe. Dada alijifungua salama, mtoto akalia, tukashukuru. Nusu saa baadaye damu ikawa haikati. Daktari akatoka akasema zinahitajika chupa 3 na akiba iliyopo haitoshi. Shemeji akatoa, mimi nikatoa, ya tatu hatuna. Nimesimama koridoni, simu ina chaji asilimia 8, nikaandika ile meseji. Sikuandika tarehe. Sikuandika kundi la damu wala chupa ngapi. Niliandika "haraka" mara 3 nikaona imetosha. Nikaitupa kwenye grupu la ukoo, la msikiti, la tuliosoma pamoja, la mashabiki wa Coastal Union, kila mahali.

Watu wa Tanga walikuja, Mungu awalipe. Kabla ya Isha benchi lilikuwa limejaa, wengine wamekuja na baiskeli zao kutoka Mwanzange na Makorora, mpaka mhudumu akatuambia basi, inatosha. Siku ya tano dada akarudi nyumbani.

Simu yangu ndiyo haikurudi nyumbani. Iliendelea kulia. Wiki ya kwanza nilikuwa napokea kwa furaha. Wiki ya pili nikaanza kuchoka. Wiki ya tatu, saa 12 asubuhi, napigiwa na mtu yuko getini hospitali ananiuliza nimpokee wapi. Nikakimbia. Nikamkuta baba wa miaka kama 50 na ushee, kofia ya kiua imekaa vizuri kichwani, suruali ina vumbi hadi magotini, mkononi ana kikapu cha machungwa. Alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Muheza. Nikamwambia ukweli, macho yangu yako chini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hii damu nimeshaiaga nyumbani. Sirudi nayo." Akaingia ndani, akatoa. Machungwa akanipa nimpelekee mzazi.

Yule baba ndiye aliyeanzisha kikundi chetu, ingawa mwenyewe hajui. Tulikuwa watu 6 tu: dereva wa bajaji, walimu 2, dada mmoja wa duka la dawa, mshonaji na mimi. Wazo letu lilikuwa moja: mtu akitoka kwao kuja kutoa damu, akute anayehitajiwa na damu yake.

Tulianza kwa kukosea, na kosa hili nalisema kwa urefu kwa sababu naona vikundi vingi vinalirudia. Tulichanga hela tukamlipa kijana mmoja atutengenezee tovuti na programu ya simu. Simtaji. Kazi ilipendeza macho, ina rangi nyekundu, ina tone la damu linalodunda. Jina la tovuti, la .or.tz kama wanavyotumia wasiotafuta faida, akalisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Mwaka ulipoisha malipo yakapita, taarifa zikaenda kwake, yeye kabadilisha namba. Asubuhi moja tovuti haipo. Majina ya wachangiaji wote waliojiandikisha yamekwenda nayo. Sisi viongozi hatukuwa na nywila hata moja.

Hata kabla haijazimika, waliopakua ile programu hawakufika 20. Nilimuuliza mwendesha boda wa pale Usagara kwa nini hakuipakua wakati kila siku ananisifia kazi nzuri. Akanionyesha simu yake, imejaa, haina hata nafasi ya picha. "Kaka, mimi damu natoa mara 3 kwa mwaka. Nikuwekee kitu cha kukaa bure miezi yote hiyo?" Jibu lake lilitufundisha kuliko semina. WhatsApp anaifungua kabla hajanawa uso. Basi tukamfuata huko huko.

Lakini WhatsApp peke yake ndiyo iliyotuletea ile meseji isiyokufa. Kampuni yenyewe iliona tatizo la kufowadi: mwaka 2019 ikaweka mwisho wa kutuma kwa mazungumzo 5 kwa mkupuo, na Aprili 2020 meseji iliyokwishapita mikono mingi ikawa inakwenda kwenye mazungumzo 1 tu kwa wakati. Imepunguza kasi, haikuipa meseji tarehe. Na ukishaituma ikatoka kwenye grupu lako, unaweza kufuta ya kwako, zile nakala elfu za watu wengine huzifikii.

Dawa tuliyoipata ni ndogo mno, mpaka naona haya kusema ilituchukua mwaka mzima kuifikiria. Meseji zetu sasa hazina maelezo ya mgonjwa. Zina kundi la damu, tarehe, saa ya mwisho, namba ya zamu na kiungo cha ukurasa mmoja mwepesi wa bure, usiokula bando. Ukibonyeza unaona neno moja kubwa: WAZI au IMEFUNGWA. Chupa zikitimia, mtu wa zamu anabadilisha lile neno. Meseji hata ikizunguka miaka 10, ikafika Mtwara ikarudi, atakayeibonyeza atakuta IMEFUNGWA, na chini yake siku ya zoezi la kuchangia linalofuata. Yule baba wa Muheza angeusoma akiwa bado kwake.

Orodha ya wachangiaji tukaijenga upya kwa KoboToolbox. Kwa wasioijua, ni chombo cha kukusanyia taarifa kilichoanzia kwa watu wa misaada ya kibinadamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, juu ya msingi wa ODK (Open Data Kit, programu ya bure ya kujazia fomu kwenye simu) uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington kuanzia 2008. Mashirika yasiyo ya faida yana mpango wa bure. Kizuri chake kwetu: fomu inajazwa kwenye simu hata mahali pasipo na mtandao, ukirudi mjini inajituma. Tumeijaza Tongoni chini ya mwembe, tumeijaza Pongwe siku ya gulio. Tunauliza jina, namba, kata, kundi la damu kama analijua, jinsia, na tarehe ya mwisho kuchangia. Hii ya mwisho ndiyo roho ya orodha, maana mwanaume anatoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Ukiwa nayo hupigi simu ovyo. Unachuja: O, kata za karibu, waliotimiza miezi yao. Wanatoka majina 9, unapiga 9, wanakuja 4. Hakuna kelele.

Na kitu cha mwisho, ambacho wala si cha mtandao: simu ya zamu. Ni simu ya vitufe, kioo kimepasuka pembeni, laini imesajiliwa na kikundi. Kila Jumapili baada ya Alasiri inakabidhiwa pale Ngamiani pamoja na daftari la mistari. Anayeipokea anatia sahihi. Kwa wiki hiyo haizimi, hailali chumba kingine. Fomu, ukurasa, grupu, vyote vinategemea huyu mtu mmoja aliyetia sahihi kwenye daftari. Kikundi kikija kuniomba ushauri wa programu gani watumie, namuuliza kwanza nani atapokea simu saa 8 usiku. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza upya.

Naweka nukta hapa kwanza. Mwenye la kuongeza au kusahihisha, karibuni.

Dafu Bichi

Mkuu uzi mzuri, naweka kambi hapa.

Niongeze la nje. Uswidi, huduma ya damu ya Stockholm inamtumia mchangiaji ujumbe wa simu siku damu yake inapotumika. Mtu yuko kazini, simu inaita, anasoma kwamba leo damu aliyoitoa imeingia kwa mgonjwa. Hawataji mgonjwa. India nako, mwaka 2017 Facebook ilifungua sehemu ya watu kujiandikisha kuwa wachangiaji na kupewa taarifa damu ikihitajika karibu nao. Kwetu hapa lile la Uswidi linaweza kufanyika hata kwa meseji ya kawaida. Mmewahi kujaribu kumrudishia mtu habari?

Mtang'ata

Dafu Bichi, hatuwezi kujua chupa ya fulani imekwenda kwa nani, na hatupaswi kujua. Tunachofanya ni kumpigia aliyekuja kwa wito wetu, siku inayofuata, kumshukuru na kumuuliza kama kichwa hakimzungushi. Dakika 1. Wengi wanashangaa, wanasema hawajawahi kupigiwa simu ya asante na mtu yeyote. Waliopigiwa wanarudi bila kubembelezwa.

Nesi wa Zamani

Mwanangu Mtang'ata, marahaba. Mimi nimekaa wodi ya wazazi mpaka nimestaafu, na uzi wako umenikumbusha usiku mwingi.

Naomba wasomaji walishike hili kabla ya mambo ya grupu. Mjamzito au aliyejifungua akianza kutokwa damu nyumbani, au mtoto mchanga akizidiwa, kitu cha kwanza si WhatsApp. Piga 115, bure, mitandao yote. Ni mfumo wa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa kwa Serikali kushirikiana na Vodafone Foundation na Touch Foundation, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua uwe wa nchi nzima. Anayepokea anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na nauli ya dereva inalipwa na mfumo kwa njia ya simu, si na mgonjwa. Nimewaona wanawake waliofika kwa sababu ya namba hiyo. Huko nyuma tulikuwa tunawapokea juu ya machela ya kitanda cha kamba, wengine wameshachelewa.

Na wala msidharau simu ya tochi. Mwaka 2012 kulikuwa na Wazazi Nipendeni, Wizara ya Afya na wenzao. Mama anatuma neno MTOTO kwenda 15001, bila malipo, anaanza kupokea meseji kulingana na umri wa mimba yake. Wanawake wa vijiji vya Mkinga walikuwa wanakuja kliniki na simu mkononi, "nesi, imeniambia leo nipime wekundu wa damu." Walikuwa hawana intaneti wala kioo cha kugusa. Meseji fupi ya Kiswahili safi, iliyokuja wiki inayostahili.

Jambo la pili ni la damu yenyewe. Vijana wanadhani ukitoa tu inamwagwa kwa mgonjwa. Damu inapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, inapimwa na kundi. Inachukua muda. Na haikai milele, damu nzima kwenye jokofu inakaa siku 35. Kwa hiyo watu 60 wakija siku moja kwa sababu ya meseji ya kuliza, halafu miezi 2 hakuna mtu, hatujasaidiwa sana. Tunachotaka ni watu 5 kila siku. Uchangiaji wa polepole usioisha, huo ndio unaoponya wazazi.

Mtang'ata

Shikamoo tena mama. Hilo la 115 nimeliweka leo leo juu kabisa ya ukurasa wetu.

Na hili la siku 35 ndilo lililotufanya tuweke kalenda. Tuligundua mashimo 2 makubwa kila mwaka. La kwanza shule zikifungwa, Juni na Desemba, maana wanafunzi wa sekondari wakubwa ndio wachangiaji wengi wa nchi hii. Wakienda likizo jokofu linapungua. La pili Ramadhani. Tanga yetu mnaijua, mchana hakuna mtu atakayetoa nusu lita ya damu na funga yake. Mwaka juzi tukaomba zoezi lifanyike baada ya futari. Wahudumu wakakubali kuja. Akina mama wa mtaa wakaleta mihogo ya nazi, tende na uji, watu wakafuturu, wakapumzika, wakatoa, wakaenda Tarawehe wengine na pamba bado mkononi. Ule usiku sitausahau. Nao mvua za masika zikija malaria inapanda, watoto wanaishiwa damu, kwa hiyo wito wa Machi na Aprili tunauanza mapema.

Bint Makorora

Nimesoma uzi wote na nimeona sifa. Naomba na mimi niseme langu, kwa heshima.

Mimi nilikuwa kwenye orodha yenu. Mwaka 2022 nilijiandikisha kwa moyo mweupe, kundi langu si la kila mtu nikaona nitafaa. Siku moja mmoja wenu akaitupa orodha nzima ya Excel kwenye grupu, majina, namba, kata na makundi ya damu, ili "atakayeweza awapigie walio karibu naye." Grupu lenyewe lina watu mia kadhaa.

Kuanzia usiku ule nikawa napigiwa na wanaume nisiowajua. Wa kwanza alijifanya ana mgonjwa. Nikajiandaa, nikamwamsha kaka anisindikize, tulipofika hakuna mgonjwa, akaniambia alitaka tu kuniona. Saa 4 ya usiku. Wengine wakawa wanatuma meseji ambazo sitaziandika hapa. Baba akauliza namba ya binti yake wanaipata wapi. Nilibadilisha laini niliyokuwa nayo tangu sekondari, na laini ile ndiyo iliyokuwa na wateja wangu wa mapambo ya harusi.

Sikutoa damu tena. Nilitoka kwenye grupu na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kwa hiyo mnaposema "orodha ndiyo roho", mkumbuke ndani ya orodha kuna watu.

Mtang'ata

Dada yangu, kwanza samahani. Sisemi samahani ya mdomo. Nilikuwepo kwenye grupu siku ile, niliiona ile orodha ikipita, na nilichofanya ni kumwandikia mwenzangu pembeni kwamba aifute. Ilishapakuliwa. Sikusimama kuwaambia wenye majina yao kwamba majina yao yametoka. Hilo lilikuwa la kwangu kulisema na sikulisema.

Nieleze kilichobadilika, upime mwenyewe kama kinatosha. Orodha haitoki tena kwa faili. Iko kwenye akaunti moja yenye nywila, wanaoingia ni watu 3, 2 kati yao wanawake. Mtu wa zamu hapewi orodha. Anapewa majina yaliyochujwa kwa wito ule tu, anayaandika kwenye daftari, wito ukifungwa ule ukurasa unachanwa. Mwenye mgonjwa hapewi namba ya mchangiaji hata akilia. Sisi ndio tunampigia mchangiaji, na mchangiaji anakwenda moja kwa moja maabara, hakutani na mtu mwingine. Tumeongeza swali kwenye fomu: ungependa kupigiwa na mwanamke? Na mwisho wa saa za kumpigia. Mtu akisema mnifute, tunafuta siku hiyo hiyo, hatumuulizi sababu.

Grupu kubwa nalo tumelifunga, wanaoweza kuandika ni maadmini tu. Ndugu wengi walilalamika kwamba limekuwa baridi, hakuna tena salamu za asubuhi na maua. Na liwe baridi.

Kalamu ya Pangani

Bint Makorora pole sana, na umefanya vema kuliweka wazi.

Hili lina sheria yake, vikundi vingi havijui. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Taarifa za afya ya mtu ziko kwenye fungu la taarifa nyeti, kwa hiyo kundi la damu pamoja na jina na namba si kitu cha kurusha grupuni. Anayekusanya anatakiwa amweleze mtu anakusanya kwa ajili gani, asitumie kwa jambo jingine, azilinde, na mtu ana haki ya kuomba arekebishiwe au afutiwe. Wakusanyaji wanatakiwa kujisajili kwa Tume. Kikundi kidogo kisidhani sheria hii ni ya mabenki na kampuni za simu tu.

Na la picha. Naona mashirika yanapiga picha mtoto kitandani, mirija puani, yanabandika mtandaoni kuombea michango. Mtoto yule atakua. Atakutana na picha yake akiwa na miaka 15.

Mchora Ramani

Mimi niko kwenye kazi ya ramani za kujitolea, niwaunganishie na hii.

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, ramani ya dunia inayochorwa na yeyote na kutumiwa na yeyote bure. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 ndilo lililoonyesha nguvu yake: watu waliokaa majumbani kwao nchi mbalimbali walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa picha za setilaiti, waokoaji wakaitumia. Kwetu, mwaka 2015 Ramani Huria iliwatoa wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji wa mitaa ya Dar es Salaam kutembea na kuchora mitaro, njia na nyumba za maeneo yanayofurika. Mwaka huo huo ikaanza Crowd2Map, iliyochora vijiji vya Mara ili wanaokwenda kuokoa mabinti wasikeketwe wajue njia ya kufika usiku.

Kilichonifundisha ni kuwa mchoraji wa ng'ambo anaiona nyumba kwa juu, lakini hajui kwamba ile ni zahanati, wala kwamba njia ile masika haipitiki. Hilo analijua mwenye mtaa. Tuliwahi kuchora mtaa mmoja hapa Tanga, tukamaliza, tukafurahi mtandaoni. Miezi 4 baadaye nikapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaniuliza: "Ile kazi yenu ya kutuhesabia nyumba iliishia wapi?" Hakuwa ameiona. Tukaichapa kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ukutani kwake. Sasa watu wanaichora kwa kalamu, wanasahihisha, "hapa kisima kimekauka". Masahihisho yale tunayarudisha mtandaoni.

Mtang'ata, mkitaka ramani ya vituo vyenu vya kuchangia kata kwa kata, nitawachorea. Lakini nitachapa na ya ukutani.

Mtang'ata

Tunaitaka, na asubuhi yoyote uniambie. Hayo ya ukutani yamenigusa, sisi hatujawahi kurudi Tongoni kuwaambia walioijaza fomu chini ya mwembe kilichotokea. Tutarudi.

Kijana wa Muheza

Kaka nauliza mambo 3. Sisi tuko vijana 8 tunataka kuanzisha huku. Usajili mnafanyaje, hela mnaziweka wapi, na watu wakiomba nauli ya kuja kutoa damu mnafanyaje?

Mtang'ata

Mdogo wangu, usajili: sisi tulianzia kikundi cha kijamii, kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, na katiba yetu ya kurasa chache. NGO kamili ni kwa Msajili, chini ya sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na ina taarifa za kila mwaka unazotakiwa kupeleka. Msikimbilie huko kama bado hamjui nani ataziandika.

Hela: mwanzo zilikaa kwenye laini ya mmoja wetu. Hakula hata shilingi, lakini maneno yalikuja, na aliumia. Tukafungua M-Koba ya kikundi, ile akaunti ya vikundi ya kwenye M-Pesa. Kila mwezi tunaandika tulichopata na tulichotumia, vocha, karatasi, maji ya kunywa ya siku ya zoezi, tunabandika kwenye grupu. Mwezi ambao hatukupata kitu tunaandika hatukupata kitu.

Nauli: tunalipa bajaji ya kumleta na kumrudisha, tunamlipa dereva mwenyewe. Pesa mkononi mwa mchangiaji hatutoi. Walishatokea watu wa kusema "mimi O negative, nipe elfu 50 nije." Tunajua wenye damu hiyo ni wachache sana huku kwetu na inamfaa kila mgonjwa, na ndugu wa mgonjwa aliyekata tamaa atauza hata godoro. Ukiruhusu mara 1, kesho maskini anakufa kwa kukosa elfu 50. Damu haiuzwi. Hilo hatulijadili kwenye vikao.

Na ukianza Muheza, nikuombe kitu. Kuna baba mmoja wa huko, mwaka 2021 alikuja na kikapu cha machungwa. Jina sikumuuliza, nilichanganyikiwa. Ukimpata umpe namba yangu. Ni ile ile iliyo kwenye meseji.

Nesi wa Zamani

Mwanangu wa Muheza, na umri usiusahau: miaka 18 hadi 65, kilo zisipungue 50, na awe amekula. Msiniletee watu wa kuzimia.

Bint Makorora

Nimesoma majibu. Nimekaa nayo siku 2 kabla ya kuandika.

Sitarudi kwenye grupu. Ila mkiniandika upya kwenye ile fomu, muandike: nipigiwe na mwanamke, mwisho saa 2 usiku, na namba yangu mpya isitoke kwa wale 3. Baada ya mwaka nitauliza nani ameiona.

Mtang'ata

Imeandikwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Aliyeiandika ni mwalimu wetu, na simu ya zamu wiki hii iko kwake. Anauliza kama kundi lako ni B negative na lini ulichangia mara ya mwisho.

Bint Makorora

B negative. Mara ya mwisho ni ile 2022. Mwambie Alhamisi asubuhi nipo.